Kipimo cha Akili na Mpaka Wake

Mwaka 1904 Wizara ya Elimu ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto ambao mafundisho ya kawaida hayakuwafaa, kwani sheria ilikwisha kuwalazimisha watoto wote kusoma, na hukumu ya mwalimu peke yake haikuaminika, maana mwalimu naye ni binadamu, na huweza kumwondoa mtukutu darasani kwa jina la mjinga. Aliyeikabili kazi hiyo ni Alfred Binet, mwanachuoni wa elimu ya nafsi, akisaidiwa na tabibu kijana, Théodore Simon. Na mwaka uliofuata wakatoa masuala 30 yaliyopangwa toka jepesi hata zito: kukifuata kwa macho kiberiti kinachowaka, kuonyesha viungo vya mwili, kukariri tarakimu zilizosomwa, kutunga sentensi kwa maneno matatu yaliyotolewa, hata kufikia kupambanua maana zisizoonekana kwa jicho wala kushikika kwa mkono.

Amma Binet mwenyewe hakudai kamwe kuwa amekigundua kiasi cha akili aliyojaaliwa mtu tangu tumboni. Aliwalaumu waziwazi wale waliosema akili ni kitu kisichozidi wala kupungua, na akatunga mazoezi ya kuwanyanyua watoto waliobaki nyuma, kwa kuwa kwake kipimo kilikuwa mlango wa msaada. Alifariki mwaka 1911, na mwaka 1912 Mjerumani William Stern akashauri umri wa akili wa mtoto ugawanywe kwa umri wake wa miaka. Lewis Terman wa Marekani akazidisha jawabu kwa 100, na kipimo alichokitengeneza upya akakitangaza mwaka 1916. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa miaka 8 afanyaye kazi za mtoto wa miaka 10 hupata 125. Siku hizi hesabu hiyo imeachwa, na mtu hulinganishwa na watu wa rika lake: wastani huwekwa kuwa 100, na kiasi cha theluthi mbili ya watu huangukia baina ya 85 na 115. Hivyo ndivyo akili ya mtu ilivyopata tarakimu moja. Na tarakimu, kwa wepesi wake wa kubebwa, hupendwa kuliko maelezo marefu yaliyo ya kweli zaidi.

Si insafu, hata hivyo, kusema kwamba tarakimu hiyo ni upuuzi mtupu. Tarehe 1 Juni 1932 takriban watoto wote wa Scotland waliozaliwa mwaka 1921, waliokaribia 90,000, walipewa mtihani mmoja. Na wataalamu walipowatafuta baadhi yao katika uzee wao, wakawapa mtihani ule ule, waliona kwamba aliyetangulia utotoni aghalabu alitangulia uzeeni pia. Fauka ya hayo, vipimo hivi hubashiri maendeleo ya shuleni kwa kadiri isiyodharaulika, na ndivyo vilivyosaidia kudhihirisha madhara ya madini ya risasi yaliyomo katika rangi na petroli kwa bongo za watoto. Kitu kinachoweza kufichua sumu namna hiyo hakistahili kutupwa.

Taabu huanza pale ambapo kipimo cha jambo moja kinapogeuzwa kuwa hukumu juu ya mtu mzima, au, vibaya zaidi, juu ya taifa zima. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Robert Yerkes, mwanachuoni wa elimu ya nafsi, na wenzake waliwapima askari wapatao 1,700,000, na wasiojua kusoma wakapewa picha ili wachore kilichopungua. Miongoni mwa picha hizo ulikuwamo uwanja wa tenisi usio na wavu. Mhamiaji aliyetoka kijiji cha Italia, ambaye hajapata kuuona mchezo huo, angejuaje kilichokosekana? Lakini Carl Brigham, mwanachuoni mwingine wa elimu hiyo, alizichukua hesabu hizo na mwaka 1923 akachapisha kitabu cha kuwashusha daraja watu wa Ulaya ya kusini na mashariki, na Waafrika wa Marekani chini yao. Mwaka 1930 aliyakana matokeo yake mwenyewe kwa maandishi. Ila sheria ya kuwabana wahamiaji ilikwisha kupitishwa mwaka 1924, na kukana kwake hakukuwafaa waliozuiwa bandarini.

Kisha kuna ajabu aliyoieneza James Flynn, mwanachuoni aliyefundisha New Zealand: katika nchi nyingi zenye viwanda alama zilipanda kwa takriban pointi 3 kila miaka 10 ya karne ya ishirini. Hata huku kwetu, watoto wa mashambani Embu, Kenya, waliopimwa mwaka 1998 waliwazidi kwa mbali wale waliopimwa mwaka 1984. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Wachunguzi walitazama kusoma kwa wazazi, udogo wa jamaa, na lishe, na hapo ndipo walipoona sababu.

Katika Kenya hiyo hiyo, karibu na Kisumu, mwanachuoni wa elimu ya nafsi Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto wa Kijaluo kuhusu dawa za miti shamba, ipi ya tumbo, ipi ya homa, na kwa kiasi gani. Waliozijua sana walielekea kupata alama ndogo katika mtihani wa msamiati wa shuleni. Pishi hupima wingi wa mchele, haikuambii ladha yake. Mzazi aliyempeleka mwanawe malishoni na kwa mganga hakumnyima akili. Alimpa ile ambayo karatasi ya mtihani haina nafasi yake.

Wachunguzi hao walifika Bagamoyo pia, ambako hawakutosheka kuwapima watoto mara moja. Waliwapima, wakawafunza kwa muda mfupi, usiotimia saa moja, mbinu za kuyatatua masuala ya namna ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na safu ikavurugika: miongoni mwa waliofunzwa, nafasi ya mtoto katika mtihani wa kwanza haikutosha tena kuonyesha angesimama wapi katika wa pili, ilhali miongoni mwa wasiofunzwa safu ilibaki takriban ilivyokuwa. Mwalimu ambaye angewagawa watoto hao madarasa kwa karatasi ya mtihani wa kwanza peke yake angewaweka wengi mahali pasipo pao.