Watu Kumi kwa Hifadhi Moja

Kwenye meza za mbao za hifadhi nyingi za Marekani, pembeni mwa familia zinazochoma nyama, siku hizi huonekana mtu mwenye vipokea sauti masikioni, ameinamia redio ndogo, na waya mwembamba wa antena umepanda kutoka mezani hadi kwenye tawi. Ni mmoja wa wapenzi wa redio za ridhaa. Anatafuta watu kumi.

Ndivyo mpango wa Parks on the Air unavyotaka: asipopata mawasiliano kumi ndani ya siku moja, safari yake haihesabiwi, hata kama amepanda milima kufika pale. Chimbuko la mpango huo ni mwaka 2016, Idara ya Hifadhi za Taifa ilipotimiza miaka 100 na ARRL, chama cha redio za ridhaa cha Marekani, kikawahimiza wanachama wake watoke na redio zao. Mawasiliano ya mwaka huo yalipita milioni moja, na wengi hawakutaka tena kujifungia ndani.

Si ajabu. Mijini, chaja na taa za LED huyajaza masafa kelele, na mitaa mingine hukataza antena kabisa. Porini kelele hizo hukatika. Hapo wati 5 tu, nguvu ya balbu ndogo, zaweza kuvuka maelfu ya kilomita hali ya anga ikikubali, kwa kuwa mawimbi ya megahezi 14 hurudishwa ardhini na ionosfea.

Lakini utamu wa jamii hii uko kwenye adabu zake. Aliye hifadhini huita "CQ", wito kwa yeyote anayesikia, na wanaomsaka kutoka majumbani, maarufu kama wawindaji, humjibu wote kwa mpigo. Katika vurumai hiyo huenda akaambulia herufi mbili tu za alama ya wito, utambulisho wa redioni, ya mmoja wao. Huzitamka herufi hizo, na hapo wengine wote hutakiwa kunyamaza, hata mwenye mtambo mkubwa kuliko yote, mpaka mwenye herufi amalize. Hupeana ripoti ya usikivu, mwindaji hutaja jimbo lake, kisha huagana kwa "73", salamu waliyoirithi kwa wapiga telegrafu wa karne ya 19. Nusu dakika haifiki. Akijitokeza mwingine ambaye naye yuko hifadhini na betri yake ndogo, waungwana humpisha kwanza. Ustaarabu huu ndio unaompa mwenye sauti hafifu nafasi, na bila huo wale kumi wasingepatikana.

Siku yenyewe huhesabiwa kwa saa za kimataifa, UTC, kwa hiyo majira ya baridi katika majimbo ya mashariki siku mpya huanza saa moja jioni. Wajuzi hufika alasiri, wakapata kumi kabla ya saa hiyo na kumi wengine baada yake, bila kuhama mezani.

Vijana hufundishwa pia kuuliza kanuni za mahali kabla ya kurusha kamba mtini, kwani hifadhi nyingine hazitaki miti iguswe. Huko hutumika mlingoti wa kuchomoa, mwepesi kama ufito wa kuvulia samaki, nao husimamishwa mbali na njia ya wapita kwa miguu. Anayefikisha mawasiliano 1,000 kutoka hifadhi moja hupata tuzo ya Kilo, na wengi huipatia kwenye hifadhi ndogo iliyo jirani na nyumbani, wanakoweza kurudi kila wiki.