Je, Wajua? Manowari ya Rufiji iliyoingia riwayani

Wageni wengi hupita Mloka wakielekea geti la Mtemere, kutazama wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wachache huuliza Mto Rufiji uliwahi kuficha nini huko chini, kwenye mikoko ya delta.

Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo mwaka 1914. Waingereza wakaiangamiza Julai 11, 1915. Wilbur Smith, mzaliwa wa Zambia ya leo, aliichukua habari hiyo akatunga *Shout at the Devil* (1968). Meli akaiita Blücher, kisha akaongeza ambacho kumbukumbu za vita hazina: Sebastian na Rosa, wapenzi wanaoisaka baada ya mtoto wao mchanga kuuawa. Kisasi hicho, kuliko mizinga yote, ndicho kinachomnyima msomaji usingizi.

Filamu ya riwaya hiyo ilitoka 1976, Roger Moore akiwa Sebastian.