Kukatwa Mfuko wa Chakula ili Kupunguza Unene: Je, Kunafaa?

Katika kliniki ya kisukari swali hili twaulizwa mara nyingi siku hizi, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kutoka: "Sista, ni kweli kuna operesheni ya kuondoa unene?"

Ipo. Tena zipo za namna kadhaa, nasi mwezi huu tutaeleza ile inayofanywa kwa wingi kuliko zote duniani. Daktari mpasuaji hupitisha kamera na vyombo vyake katika matundu madogo ya tumboni. Hukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na penye mkato hufunga kwa pini ndogo za chuma. Kinachobaki ni mfuko mwembamba, mrefu kama ndizi. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na hata hamu ya kula hupungua, kwa maana sehemu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Wengine hudhani ni kunyonya mafuta ya kitambi. Sivyo; mafuta hayaguswi. Na kilichokatwa hakirudishwi.

Je, ni salama, na kunasaidia? Mtu akipungua kilo 30 kwa mwaka, majirani wote husema dawa imepatikana. Sisi wauguzi tungependa kumwona tena baada ya miaka kumi. Kuanzia miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walikuwa na operesheni nyingine, ya kukipitisha chakula njia ya mkato ili kisiguse sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Watu walikonda kweli. Lakini wengi wao walisumbuliwa na kuharisha, wakapata mawe kwenye figo, na wengine ini likashindwa kazi hata wakafa. Ilipofika miaka ya 1980 operesheni ile ilikuwa imeachwa. Kukonda hakukuwa kipimo cha kutosha.

Hii ya kukata mfuko imefuatiliwa vizuri zaidi. Kati ya mwaka 2008 na 2010 madaktari wa Ufini, huko Ulaya ya kaskazini, waligawa wagonjwa 240 kwa kura, ili asichague daktari wala mgonjwa. Watu 121 walipangiwa kukatwa mfuko. Wengine 119 walipangiwa operesheni ya zamani zaidi, ambayo mfuko hugawanywa, kisha sehemu ndogo ya juu huunganishwa na utumbo. Miaka 5 ikapita, na hakuna aliyekuwa amekufa kwa sababu ya matibabu hayo. Hilo ni jambo kubwa. Ila wale walitibiwa na wapasuaji waliozoea kazi hiyo, wala hatuwezi kuahidi hivyo kwa kila chumba cha upasuaji.

Na uzito? Baada ya miaka 5, waliokatwa mfuko walikuwa wamepoteza kwa wastani asilimia 49 ya uzito uliozidi. Baada ya miaka 10, asilimia 43.5. Tuseme mtu alizidi kilo 40: kwa wastani huo, mwishoni amepungua kama kilo 17. Ni nafuu kubwa kwa magoti na kwa moyo, lakini si umbo la msichana wa miaka ishirini. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, takriban mmoja kati ya wanne bado alikuwa hana ugonjwa huo baada ya miaka 10. Kundi la operesheni ya zamani lilipungua uzito zaidi kidogo.

Tatizo kubwa lilikuwa koo. Walipochunguzwa kwa kamera baada ya miaka 10, asilimia 31 ya waliokatwa mfuko walikuwa na vidonda au mikwaruzo ya asidi kwenye njia ya chakula. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 7. Mfuko mwembamba husukuma asidi juu. Basi mwenye kiungulia kikali asikifiche kwa daktari, maana huenda operesheni nyingine ikamfaa zaidi.

Hatari ya siku za kwanza ni kutokwa damu, damu kuganda miguuni, na mfuko kuvuja pale penye pini. Homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, hata kama amesharudi nyumbani, si jambo la kungoja asubuhi.

Mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji hawa viliipendekeza kwa mtu ambaye uzito wake, ukigawanywa kwa urefu mara urefu, unafika 35. Kwa mama wa mita 1.60 hiyo ni kama kilo 90. Mwenye kisukari hufikiriwa kuanzia 30, yaani kilo 77. Wengi wanaotunong'oneza hawafiki hapo. Wanawaza gauni la harusi.

Anayetaka kuuza shamba ili asafiri kutibiwa ahesabu na gharama za kurudi: vitamini na madini maisha yote, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Akina mama wajue kwamba uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi upesi, nayo haifai kabla ya miezi 12 hadi 18. Wazungumze na muuguzi mapema.

Na mgonjwa akitapika siku kadhaa mfululizo, kisha akaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wanaompeleka waseme wazi kwamba alikatwa mfuko wa chakula. Huenda amepungukiwa vitamini B1, nayo inatakiwa apewe kwa sindano kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi.