Hifadhi ya Mji Mkongwe huanza kwa haki ya jirani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu na sitara. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuliona kuwa ni kazi ya serikali na wahandisi peke yao, nalo ni kuhifadhi mitaa ya kale ya miji yetu. Tutachukua mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja. Tutaonyesha, kwa uwezo wake Mola, kuwa mlango wa kwanza wa kazi hiyo haupo ofisini bali upo majumbani mwetu, katika namna tunavyokaa na majirani, tunavyogawa mirathi na tunavyosimamia wakfu.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, ilianguka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha yao. Kabla ya hapo, mwaka 2012, sehemu nyingine ya jumba hilo hilo ilikwisha kuporomoka. Basi na tujiulize: ikiwa jumba la kifalme, lililo mbele ya macho ya watu wote na lenye serikali nyuma yake, limefikwa na haya, itakuwaje nyumba ya mayatima iliyo ndani ya uchochoro wa Kiponda au Malindi, ambayo paa lake linavuja na warithi wake wametawanyika?

Eneo la hifadhi ni nini?

Sheria za zamani za kulinda majengo zilikuwa zikiangalia jengo moja moja: ngome hii, kaburi lile, msikiti ule. Baadaye ikadhihirika kuwa jengo moja halina maana likibaki peke yake katikati ya mtaa uliobomolewa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1962, na Uingereza mwaka 1967, zilizowezesha mtaa mzima kuwekewa mpaka na kulindwa kwa pamoja, pamoja na njia zake, viwanja vyake na urefu wa nyumba zake.

Kwetu sisi, Mji Mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1985, ikaundwa na mamlaka ya kuusimamia. Sheria mahsusi ya hifadhi ikafuata mwaka 1994, na nyingine ikapitishwa mwaka 2010. Mwaka 2000 mji huu wenye hekta 96 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndugu zetu wa Lamu walipitia njia kama hiyo: mji wao ulitangazwa chini ya sheria za Kenya mwaka 1986, na ukaingia katika orodha hiyo mwaka 2001.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa, kung'oa mlango wa nakshi au kubadilisha roshani kwa matakwa yake tu. Analazimika kuomba kibali. Hapo ndipo wengine hunung'unika wakasema: mali ni yangu, nimeirithi kwa baba yangu, vipi mtu mwingine aniamrishe?

Ukuta mmoja, nyumba mbili

Kabla ya kujibu swali hilo, na tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta, na mara nyingi ukuta huo ni wa nyumba mbili.

Adui mkubwa wa nyumba ya namna hii ni maji. Bati likitoboka, au bomba la choo likivuja, maji huingia ukutani, huilainisha chokaa, na huozesha ncha za boriti mahali ambapo jicho halifiki. Sakafu huendelea kusimama miaka kadhaa, kisha siku moja huanguka. Wapo wanaodhani dawa ni kupiga plasta ya saruji. Saruji ni ngumu, haiuachi ukuta wa chokaa upumue. Unyevu hubaki ndani na chumvi hula jiwe taratibu. Nje ukuta unang'ara, na ndani unaoza.

Kwa hiyo mwenye kuacha paa lake livuje hajiharibii mwenyewe tu. Anaharibu boriti za jirani yake. Na mwenye kuongeza ghorofa bila ushauri anautwisha ukuta wa watu wawili mzigo ambao hawakuafikiana.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kumzuia jirani kuingiza mti wa nyumba yake katika ukuta wao. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu yake. Imam Ahmad aliona ni wajibu, na wengi wameona ni jambo lililopendekezwa. Lakini hakuna aliyekhitalifiana na mwenzake kuwa ukuta baina ya majirani una haki ndani yake.

Vilevile Bukhari amepokea kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) wa watu waliogawana nafasi katika chombo cha baharini, baadhi juu na baadhi chini. Wale wa chini, wakichoka kupanda juu kuteka maji, wakaazimia kutoboa katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Mfano huu ni wa kuamrishana mema na kukatazana maovu, na mkazi wa mji wa mawe anaweza kuuona kwa macho yake kila msimu wa masika.

Hili basi ndilo jibu kwa mwenye kunung'unika. Uislamu umeithibitisha milki ya mtu, na pia umekataza kudhuru na kudhuriana. Imam al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasib alitaja kuwazuia watu wasijenge ndani ya njia ya umma. Mwenye mamlaka kusimama baina ya mjenzi na mtaa wake si jambo lililoletwa na wageni. Lina asili katika fiqhi yetu karne nyingi kabla ya kuwepo UNESCO.

Mirathi isiyogawiwa

Tuje sasa kwenye sababu ambayo haitajwi sana katika ripoti za wataalamu. Nyumba nyingi haziharibiwi na mvua kwanza. Zinaharibiwa na mirathi iliyoachwa bila kugawiwa.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Baada ya madeni na wasia, mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Saba zilizobaki ni za watoto: kila mwanamume sehemu mbili, kila mwanamke moja. Hesabu imekaa sawa, sehemu nane kamili. Lau wangekaa kitako mwaka ule ule, wangeweza kuafikiana nani abaki na nyumba na nani alipwe haki yake.

Lakini hawakukaa. Wameoneana haya, wakasema mama bado yuhai, tusimsumbue. Kisha mama akafariki, kisha mtoto mmoja wa kiume akafariki akaacha mke na watoto. Sehemu nane zimekuwa sehemu kumi na kadhaa, halafu thelathini. Mmoja yuko Maskati, mwingine London, wa tatu hajulikani alipo. Bati likitoboka, nani anunue jipya? Kila mmoja anasema, si nyumba yangu peke yangu. Mwisho anatokea mnunuzi mwenye fedha, nyumba inauzwa kwa haraka, na familia iliyokaa mtaani vizazi vinne inahamia pembezoni mwa mji. Mwanamke mwenye thumni yake, ambayo Mwenyezi Mungu amempa kwa jina katika Sura An-Nisaa, pengine hata hajulishwi bei.

Sheria yetu imeweka njia za kuepuka haya. Ipo takharuj, nayo ni mrithi kukubali kutoka katika mirathi kwa malipo watakayoridhiana, ili nyumba ibaki mikononi mwa wachache wanaoweza kuitunza. Ipo shufaa, haki ya mshirika katika mali isiyogawika kuitwaa sehemu ya mwenzake inapouzwa kwa mgeni, kwa bei ile ile. Anayetaka kuuza sehemu yake na awatangulizie ndugu zake kwanza. Na hata wasipoafikiana juu ya yote hayo, hawashindwi kumteua mmoja wao kuwa wakili, akakusanya kodi na kuanza na paa kabla ya kumgawia yeyote.

Wakfu, hifadhi ya wazee wetu

Wazee wetu hawakuwa na neno eneo la hifadhi, ila walikuwa na wakfu. Asili yake inajulikana: Sayyidna Umar (R.A.) alipata ardhi Khaibar, akamtaka shauri Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Hiyo ni hifadhi iliyo imara kuliko tangazo lolote la gazeti la serikali, kwani mlinzi wake ni khofu ya Mwenyezi Mungu.

Mji Mkongwe umejaa matunda ya jambo hilo. Misikiti yake, na nyumba nyingi zilizowekwa ili kodi yake iendeshe misikiti, iwasaidie jamaa au maskini, ni wakfu. Katika mitaa hii hii Sayyid Ahmad bin Sumait alifundisha na kuhukumu, na Sheikh Abdalla Bakathir akasomesha Ukutani. Elimu ile ilihitaji paa juu yake, na paa lile lilihitaji mtu wa kulilipia.

Mafakihi wameeleza kuwa mapato ya wakfu huanza na matengenezo ya wakfu wenyewe, kisha ndipo hufuata wenye kunufaika nao. Nasi tunaulizana: tunaokaa katika nyumba za wakfu, je, kodi tunayolipa inatosha hata kununua chokaa? Anayelipa kidogo kwa sababu ni mali ya wakfu, huku mwenyewe akiipangisha kwa wengine kwa bei ya soko, na ajue kuwa anakula haki ya maiti aliyeweka na maskini aliyewekewa. Na wasimamizi nao watakuja kuulizwa juu ya kila sarafu.

Wapo wanaosema kuwa kuhifadhi majengo ni kutukuza mawe, au ni kuwafurahisha watalii. Sisi hatutukuzi mawe. Tena tukiri kuwa baadhi ya majumba haya yalijengwa kwa mali iliyochanganyika na jasho la watumwa, na soko lao hapa Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Kuta hizi ni shahidi wa wema wa watu na wa dhulma yao, na shahidi hauawi. Ama utalii, una manufaa yake, lakini mtaa ukibaki na mahoteli matupu, nani ataadhini alfajiri, na nani atajaza safu? Mji uliohifadhiwa kuta zake na kufukuzwa watu wake haujahifadhiwa.

Kwa hiyo tunawakumbusha pia wenye mamlaka: mwenye kumtaka maskini atumie chokaa na boriti amrahisishie kuzipata, mwenye kudai kibali asikicheleweshe hadi sakafu ianguke, na sheria inayomzuia mjane kufungua dirisha isimfumbie macho tajiri anayepandisha ghorofa.

Nasi majumbani tuanze na tunayoyaweza. Kabla ya masika, tupande kutazama bati na bomba. Tumpige hodi jirani kabla ya kugusa ukuta. Warithi wakae kitako mwaka huu, si mwaka ujao, na dada zetu wapewe nafasi ya kusema. Mwenye uwezo aweke wakfu, hata kama ni chumba kimoja. Na tunapokaa barazani tuipe njia haki yake kama tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.): kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na walio ndani yake, awarehemu waliofariki chini ya vifusi, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.