Filimu ao numeriki: mpiga picha wa kazi achague gani?

Bibi-arusi wa Goma anataka picha zake kwenye WhatsApp mbele wageni wamalize kula. Lakini miaka 20 ijayo, mtoto wake naye atataka kuona ile ndoa. Mwenye kuishi kwa kazi ya picha anapaswa kuwajibu wote wawili, ndiyo maana kuchagua aparei si jambo la mode tu.

Tofauti yao iko wapi?

Filimu ni utepe wa plastiki uliopakwa dawa yenye chembe za fedha, ile madini. Mwanga ukiigusa, picha inaandikwa, lakini haionekani mpaka filimu isafishwe kwa dawa zingine. Aparei ya numeriki haina utepe. Mwanga unageuzwa kuwa umeme, umeme unakuwa namba, na namba zinawekwa kwenye karte. Aparei ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka wa 1975 na Steven Sasson, injinia wa Kodak. Picha moja ilichukua sekunde 23 ili iandikwe kwenye kaseti. Kodak ileile, yenye ilijulikana kwa filimu, iliomba ulinzi wa tribinali juu ya madeni mu Januari 2012, wakati numeriki ilikuwa imekwisha kushika soko.

Hesabu ya pesa

Filimu ya kawaida ya milimita 35 inatoa picha 36. Ndoa yenye picha 300 inaomba filimu 9. Kila moja inanunuliwa, inasafishwa, kisha inapitishwa kwa skana ikiwa mteja anataka picha kwenye simu. Kosa nalo linalipwa: mtu akifunga macho, ile pose imekwenda.

Kwa numeriki, pesa nyingi zinatoka mwanzoni: aparei, lensi, karte, batri, ordinateri na diski. Kisha hapo, picha ya elfu moja haina bei kubwa kuliko ya kwanza. Lakini numeriki inategemea kura. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia ndoa na batri hazijajaa, kazi iko hatarini. Aparei nyingi za zamani za mekanike zinapiga hata bila batri.

Kusafisha filimu ya rangi si mchezo. Dawa ya kwanza inapaswa kuwa na joto la digri 38, na filimu inakaa humo dakika 3 na sekunde 15. Joto likipanda ao likishuka, rangi zinaharibika. Filimu ya nyeupe na nyeusi ni rahisi zaidi: mara nyingi digri 20 zinatosha, na mtu anaweza kuifanya nyumbani.

Filimu iko na nguvu gani?

Filimu ya rangi ya negativu inavumilia mwanga mwingi. Kanzu nyeupe ya bibi-arusi kwenye jua la saa sita inaweza kubakia na mikunjo yake, wakati numeriki inaigeuza doa jeupe tupu ikiwa mpiga picha hakuwa mwangalifu. Ila numeriki inakubali kubadilisha nguvu ya mwanga kwa kila picha, kutoka uwanjani mpaka ndani ya kanisa lenye giza. Filimu inabaki na kipimo kimoja mpaka iishe.

Wasanii nao wanaitafuta kwa sababu zao. Richard Mosse, wa Irlande, alikuja mashariki mwa Congo na filimu Aerochrome ya Kodak, yenye ilitengenezwa kwa kuvumbua maadui waliojificha katika majani. Milima ya Kivu ilitoka na rangi ya waridi. Hakuna mteja wa ndoa angeikubali, lakini kwa ile kazi filimu ndiyo ilikuwa na sababu.

Kumbukumbu inalindwa namna gani?

Negativu inashikwa kwa mkono, na haiombi programu ili ionekane. Lakini iko moja tu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Nyumba ikiungua, negativu zinaungua nayo. Unyevu pia unaziletea ukungu.

Fichie ya numeriki inaweza kuwa na kopi tatu: moja kwenye ordinateri, moja kwenye diski, na moja katika mji mwingine. Lakini bila kopi, karte moja ikifutwa kwa kosa, ndoa nzima imepotea.

Basi, kuchagua

Kwa habari, ndoa, mikutano na picha za vitambulisho, numeriki ndiyo inafaa: inakwenda haraka, na kosa linaonekana palepale. Kwa picha za sura zinazotayarishwa polepole, maonyesho ya sanaa ao mteja mwenye kukubali kungoja na kulipa, filimu iko na nafasi yake. Mwenye kuanza kazi anunue numeriki kwanza, na diski ya kopi mbele ya lensi ya pili. Filimu itamfundisha kufikiri mbele ya kubonyeza. Mteja hawezi kurudia ndoa yake juu mpiga picha alitaka kujaribu.