Askari wa Maegesho si Kadhi

Katika watumishi wote wa miji mikubwa, ni nadra kumpata anayebughudhiwa kama askari wa maegesho, yule atembeaye mchana kutwa kando ya barabara akitazama saa na namba za magari ya watu. Na bughudha hiyo ni ya ajabu, kwa kuwa mwizi wa njia huiba mchana kweupe bila ya haya, ilhali anayemzuia ndiye atukanwaye. Nasema mwizi kwa makusudi. Barabara ni mali ya umma, na gari lililosimama pasipo ruhusa huichukua sehemu ya mali hiyo kwa manufaa ya mtu mmoja, likamzuia mchukuzi kushusha mizigo yake, basi kupita, kipofu kutembea kwa amani katika njia ya miguu, na zimamoto kufika panapoungua.

Wenye maduka wa Oklahoma City, kule Marekani, waliyaonja madhara hayo mapema, kwani nafasi zote mbele ya milango yao zilishikwa tangu asubuhi na magari ya wafanyakazi wa mjini, hata mnunuzi asipate pa kusimama. Mhariri wa gazeti, Carl Magee, akaleta shauri la mita za maegesho, na tarehe 16 Julai 1935 ya kwanza ikasimikwa, malipo yake senti 5 kwa saa. Mwezi uliofuata mchungaji mmoja wa kanisa alikamatwa kwa kupitisha muda. Akajitetea kuwa alikwenda kutafuta sarafu ndogo za kuilisha mita yenyewe, na kesi yake ikafutwa.

London ilipata mita zake mwaka 1958, katika mtaa wa kitajiri wa Mayfair. Lakini mita haina miguu ya kumwandama mkosaji, na polisi walikuwa wachache mno kuachiwa kazi ya kuhesabu dakika za madereva. Ndipo sheria ya mwaka 1960 ikaunda kikosi kipya cha askari wa njia, ambao Septemba ya mwaka ule walitoka mitaani Westminster wakiwa na utepe wa manjano kofiani, uwezo wao ukiwa mdogo kuliko wa polisi: kuandika hati ya faini ya pauni 2 na kuiacha garini. Hati ya kwanza kabisa ikamwangukia daktari aliyeacha gari lake nje ya hoteli akaingia kumhudumia mtu aliyeshikwa na maradhi ya moyo. Watu wakaghadhibika, na daktari akasamehewa.

Aghalabu visa kama hivi hutolewa kuwa ushahidi kwamba askari hana huruma. Mimi naona kinyume chake. Askari huliona gari, hamwoni mwenyewe. Hana njia ya kujua kama aliyeliacha amekwenda kuokoa roho au kunywa kahawa, na lau angeruhusiwa kusamehe kwa kukisia, ruhusa hiyohiyo kesho ingeuzwa kwa noti iliyokunjwa. Dhima yake ni kuandika alichokiona. Udhuru upelekwe kwa mwingine, asiyeijua sura ya mkosaji wala cheo chake. Maana mchungaji na daktari walikuwa na heshima iliyowatangulia kusema, lakini utingo wa lori mwenye udhuru kama wao, mtetezi wake angekuwa nani?

Waingereza walilifahamu jambo hili polepole. Sheria ya mwaka 1991 ilianza kuyatoa makosa mengi ya maegesho katika jinai, yakawa madai baina ya halmashauri na mwenye gari, na wakawekwa waamuzi wasio chini ya amri ya halmashauri, ambao dereva aliyekataliwa rufani yake huwaendea bila ya kulipa ada. Alipaye ndani ya siku 14 hulipa nusu. Mwongozo wa serikali ukakataza kumwekea askari idadi ya hati za kuandika, katazo lenye hekima, kwani anayedaiwa idadi huyatafuta makosa hata pasipokuwapo. Wale askari wa njia waliokuwa chini ya polisi hawapo tena. Uskoti iliwaondoa mwaka 2014.

Katika miji yetu, dereva akikuta gurudumu limefungwa mnyororo, shauri huanza palepale juani, yeye na kanjo, yaani askari wa halmashauri, wakipandishiana sauti mbele ya wapita njia. Na maadamu hajui mahali pengine pa kulipeleka, barabara ndiyo mahakama yake, na hukumu hupatikana kwa bei.

Kwa Waingereza mahali hapo papo. Mwaka 2011 halmashauri ya Barnet, London, ilipandisha kibali cha mkaazi kuegesha karibu na nyumba yake kutoka pauni 40 hadi 100 kwa mwaka. Mkaazi mmoja hakugombana na askari yeyote. Aliishtaki halmashauri katika Mahakama Kuu, na Julai 2013 jaji akaamua kuwa sheria ya maegesho haikutungwa ili kukusanya mapato, hata kama ziada ilikusudiwa kutengenezea barabara, na bei ile mpya ikabatilishwa.