Rekebisha Gari Lako la Ng'ombe Mwenyewe, Lakini Anza na Mizani

Mkulima mwenye gari la ng'ombe ana mali. Maziwa yake hufika barabarani kabla hayajaganda, viazi vyake hufika sokoni bila kukodi lori, na mbolea hurudi shambani siku ile ile. Tangu mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, gari la magurudumu mawili limekuwa daraja kati ya boma na soko. Mpaka leo yako mashamba mengi ambayo lori haliyafikii wakati wa mvua.

Siku hizi wakulima wengi hawaridhiki na gari lilivyotoka kwa fundi. Mmoja huongeza mbao za ubavuni, mwingine hufunga pipa la maji nyuma, mwingine hutia mlango wa kushusha ili apakie ndama. Hayo ni maendeleo mema. Lakini mara nyingi baada ya kazi hiyo maksai huanza kuchoka upesi, shingo hupata vidonda, na gari likifika mtelemkoni huwasukuma wanyama hata wakaanguka. Mkulima husema maksai ni wavivu. Kumbe kosa liko kwenye gari.

Jambo la kukumbuka ni moja: kila kitu unachoongeza kina uzito, na uzito huo una mahali pake. Tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine.

1. JUA UZITO WA SHEHENA

Huna haja ya mizani kubwa. Gunia la viazi kwa kanuni za mwaka 2019 halipasi kuzidi kilo 50. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na wa mbolea vile vile. Gunia la mahindi ni kilo 90. Debe la maji ni kilo 20, na pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200, bila kuhesabu pipa lenyewe. Lita 1 ya maziwa huzidi kilo 1 kidogo tu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gari tupu ni kilo 200, na umepakia magunia 12 ya viazi, yaani kilo 600. Jumla ni kilo 800. Maksai wawili wenye kilo 400 kila mmoja waweza kuvuta kwa kutwa bila kuumia kwa nguvu ipatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wao, yaani kilo 80. Kwenye barabara ya udongo mgumu iliyo sawa, gari hilo lenye tairi za mpira huhitaji nguvu ya kilo 40 hivi. Basi hapo hakuna taabu.

Lakini ikiwa kila mwendo wa meta 10 barabara hupanda meta 1, lazima uongeze sehemu moja ya kumi ya uzito wote, yaani kilo 80 nyingine. Jumla sasa ni kilo 120. Maksai waweza kujikaza hivyo kwa muda mfupi, si kwa kilima kirefu. Ukipunguza shehena iwe magunia 6, gari zima litakuwa kilo 500, na nguvu itakayotakiwa ni kilo 75. Kwa hiyo penye kilima cha namna hiyo safari mbili za magunia 6 ni bora kuliko safari moja ya magunia 12. Ng'ombe aliyeumia hatalima msimu ujao.

2. MIZANI YA GARI

Chukua rula ya mtoto wa shule uiweke juu ya kidole. Ikitulia, weka punje ya hindi upande mmoja. Utaona upande huo unashuka na wa pili unapanda. Gari la magurudumu mawili ni kama rula hiyo, na ekseli ndiyo kidole. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, mti wa mbele hupanda juu, nira huinuka, na kamba za shingoni huwakaba maksai. Uzito ukizidi mbele, nira huwalemea shingoni.

Kuna njia rahisi ya kuhesabu. Pima umbali kutoka ekseli mpaka kitu kilipo. Zidisha uzito wake kwa umbali huo, kisha gawanya kwa urefu kutoka ekseli mpaka kwenye nira. Tuseme kutoka ekseli mpaka nira ni meta 3.6, na umefunga pipa la kilo 200 nyuma ya ekseli kwa meta 0.9. Kilo 200 mara 0.9 ni 180. Gawanya kwa 3.6, utapata 50. Maana yake pipa hilo linainua nira kwa nguvu ya kilo 50. Hapana ajabu ng'ombe wakikataa kwenda.

Jaribio la mwisho ni la mikono. Gari likiwa limepakiwa na liko mahali pa sawa, shika ncha ya mti wa mbele uiinue mpaka kimo cha nira. Uzito wake mkononi uwe kati ya nusu debe ya maji na debe moja, yaani kilo 10 hadi 20. Ikiwa mti unataka kupanda wenyewe, sogeza shehena mbele. Ikiwa huwezi kuuinua, irudishe nyuma. Vitu vizito viwe chini na karibu na ekseli, kwa kuwa shehena ndefu ya juu huegemea nyuma gari linapopanda kilima, na huegemea mbele linaposhuka.

3. EKSELI NA MAGURUDUMU

Kabla ya kuongeza chochote, tazama chini ya gari. Inua gurudumu moja kwa jeki, na lile la pili ulizuie kwa mawe mbele na nyuma. Weka gogo imara chini ya ekseli, usitegemee jeki peke yake. Zungusha gurudumu usikilize. Likikwaruza, beringi zina uchafu au zimekwisha. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza sana, linahitaji kukazwa.

Kuzitengeneza si kazi ngumu. Toa beringi, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, uzitazame. Zenye madoa au mikwaruzo ni za kutupwa. Zilizo nzima zijaze grisi mpya mpaka ndani kabisa. Rudisha nati, ikaze huku ukizungusha gurudumu, halafu ilegeze kidogo ili gurudumu lizunguke bila kushikwa. Usisahau pini ya kuzuia nati. Ikikosekana gurudumu litachomoka njiani. Fanya kazi hii kila mvua zinapokwisha, kwa maana maji ya matope ndiyo adui wa beringi.

Tairi za pande zote mbili ziwe za ukubwa mmoja na zijazwe upepo sawa. Tairi iliyolegea huvuta gari upande mmoja, na maksai wa upande huo hufanya kazi zaidi kuliko mwenzake.

4. BREKI

Magari mengi ya ng'ombe hayana breki, na hilo ni jambo la hatari. Lile gari la kilo 800, kwenye mtelemko wa meta 1 kwa kila meta 10, husukumwa chini kwa nguvu ya kilo 80. Udongo hupunguza kidogo, lakini kinachobaki huangukia shingo za maksai, na penye lami kinachobaki ni kikubwa zaidi. Mvua ikinyesha, kwato huteleza.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: funga mti mgumu unaopita mbele ya magurudumu yote mawili, na kila ncha yake iwe na kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Mti huo uvutwe kwa mpini mrefu ili ubane magurudumu. Njia ya pili ni bora. Unaponunua ekseli ya pikapu kuukuu, itake pamoja na ngoma zake za breki na waya za breki ya mkono. Fundi wa jua kali aweza kuziunganisha na mpini mmoja wa chuma. Kwa njia yoyote, breki ishike magurudumu yote mawili sawasawa. Funga breki kabla ya kuanza kushuka, wala usingoje gari lianze kukimbia. Tena chukua kabari mbili za mti safarini, za kuzuia magurudumu unaposimama.

5. SAKAFU NA UBAVU

Mbao za sakafu zifungwe kwa bolti na washa, si kwa misumari, kwa sababu misumari hulegea gari linapotikisika. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya mbao ili maji yapite. Mbao za ubavuni ziwe za kuchomeka na kuchomoa: fundi achomelee vikono vya chuma pembeni, nawe uchomeke nguzo zako. Ukichukua mchanga, tumia mbao fupi. Ukichukua majani ya ng'ombe, weka ndefu. Hivyo hutabeba mbao usizozihitaji. Oili chafu huzuia mchwa, lakini usiipake mahali panapogusana na chakula, maziwa au malisho.

Mwenye kupeleka maziwa na aweke ukingo wa mbao juu ya ekseli, ili mikebe isianguke. Gunia lililoloweshwa maji na kufunikwa juu ya mikebe hupunguza joto la jua.

6. MLANGO WA NYUMA WA KUSHUSHA

Hiki ndicho kitu kinachopendwa sana sasa, kwa kupakia ndama, kondoo au pikipiki. Kule Marekani yako matrela yavutwayo na magari ambayo mbele ni chumba cha kulala na nyuma ni ghala ya pikipiki. Mlango wake wa nyuma huangushwa ukawa ngazi ya mteremko. Wenyewe hupenda kuyaongezea makabati, matangi na betri, nao hukutana na shida ile ile ya mkulima: kila nyongeza hula sehemu ya uzito unaoruhusiwa, na pikipiki zikikaa nyuma sana mizani huharibika. Kwa trela la namna hiyo hushauriwa sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote zikae kwenye ndoano ya mbele, la sivyo huyumba barabarani.

Ukitaka mlango huo, fuata haya:

(a) Tumia bawaba tatu zenye nguvu, minyororo miwili ya kuushika, na makomeo mawili.

(b) Pigilia vipande vya mbao juu yake, sentimeta 20 kati ya kimoja na kingine, ili mnyama asiteleze.

(c) Usiufanye mkali. Sakafu ikiwa sentimeta 70 kutoka chini, mlango wa meta 1.2 utasimama wima mno. Rudisha gari kwenye ukingo wa ardhi wenye kimo cha sentimeta 40, zibaki sentimeta 30. Hapo hata ndama mwoga atapanda.

(d) Kabla ya kupakia, fungua maksai na weka miguu miwili ya mti chini ya mkia wa gari. Usipofanya hivyo, mnyama akikanyaga nyuma, mkia utashuka na mti wa mbele utaruka juu. Mtu aliyesimama mbele aweza kuvunjwa taya.

(e) Hesabu uzito wa mlango. Wenye kilo 30, ukiwa meta 1.2 nyuma ya ekseli, huinua nira kwa kilo 10. Sawazisha kwa sanduku la vifaa upande wa mbele.

Usisafiri kamwe na mlango ukiwa wazi na shehena juu yake.

7. BARABARANI

Bandika vioo vyekundu vya kurudisha nuru nyuma ya gari, na vyeupe mbele. Usiku chukua taa. Dereva wa lori haoni ng'ombe mweusi gizani.

Wako wanaolifunga gari la ng'ombe nyuma ya pikapu. Tafadhali usifanye hivyo. Mti wake, ekseli na breki vilifanywa kwa mwendo wa maksai. Trela la kuvutwa na gari la moto lazima lisajiliwe, liwe na taa na ndoano yake, na mnyororo wa kulishika ndoano ikifunguka. Na mwenye punda asitumie nira ya ng'ombe. Punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, kwa hiyo mpe mkanda mpana wa kifuani.

UTARATIBU WA KAZI

Fedha zikiwa chache, zitumie kwa utaratibu huu: kwanza beringi na tairi, pili breki, tatu sakafu, nne mbao za ubavuni, na mwisho mlango na sanduku. Kila umalizapo jambo moja, rudia jaribio la kuinua mti wa mbele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pini moja ya nati ni rahisi kuliko maksai mmoja.

Wiki hii, kabla ya kwenda sokoni, inua ncha ya mti wa gari lako likiwa na shehena. Mkono wako utakuambia yale ambayo maksai wako hawawezi kuyasema.